Mjomba Kifauongo Ajaza Fomu ya Chuo

Jumatatu, 6 Mei

Matokeo yametoka. Kuyili wetu kapata mia tano thelathini na nane kati ya mia sita! Nilipiga kelele dukani hadi mteja akaangusha fotokopi zake. Nikagawa peremende mtaa mzima. Nikampelekea hata Chellappa wa duka la ng'ambo ya barabara, yule aliyenunua mashine ya fotokopi ya rangi ili kunikera tu. Akala mbili. Kisha akauliza, kwa upole wa kinyonga, mtoto kapata ngapi. Nikamwambia. Akasema mwanawe Bharani kapata mia tano arobaini na moja. Tatu zaidi! Nilitamani azitapike zile peremende.

Lakini hilo dogo. Kubwa limekuja wakati wa chakula. Tumekaa watatu kama siku zote: mimi, dada yangu Akilandam, na huyu binti yake. Nikamwambia Kuyili asiwe na wasiwasi, yote nimeshayapanga. Chuo cha wasichana cha hapa hapa Karaikudi, shahada ya hisabati, dakika kumi kwa baiskeli. Nitampeleka mimi, kama nilivyompeleka shule miaka kumi na miwili. Hata matairi nimebadilisha.

Akasema anataka kusoma sayansi ya mimea. Koimbatore.

Koimbatore! Saa saba kwa basi!

Nikamuuliza kuna mmea gani Koimbatore ambao hauko nyuma ya choo chetu. Akanijibu kwamba ya nyuma ya choo ameshaimaliza. Ni kweli. Ana madaftari manne, kila jani limebandikwa kwa gundi, jina chini yake na tarehe. Dada akaniongezea mchuzi.

Baba yake alifariki yeye ana miaka mitatu. Siku ya kutobolewa masikio alikaa mapajani mwangu, maana hiyo ni haki ya mjomba. Alilia. Mimi nililia zaidi, mpaka sonara akasimamisha kazi aninyweshe maji. Sasa huyo ndiye aende Koimbatore? Na mimi nibaki nikimpeleka nani kwa baiskeli?

Haendi. Nitafanya mpango.

Alhamisi, 9 Mei

Fomu zimefunguliwa. Fomu moja, kwenye kompyuta, kwa vyuo vyote vya serikali vya jimbo. Unavipanga unavyovitaka, cha kwanza hadi cha mwisho. Mimi ndiye fundi wa fomu mtaani hapa, miaka ishirini na sita napiga chapa. Foleni ilianza asubuhi, ikaenda hadi saa saba na nusu mchana. Halafu, kwa ghafla, duka tupu. Alhamisi saa za Rahu, ile sayari ya nuksi, ni kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa. Kila siku ana saa yake na nusu ya nuksi, na nani ana wazimu wa kutuma fomu ya mwanawe saa hizo? Hata Chellappa alishusha pazia. Nikala wali, nikasinzia.

Kuyili alikuja saa kumi. Akasimama nyuma ya bega langu, hasogei. Nilikuwa nimekusudia kuweka chuo cha hapa namba moja. Wapi! Kila nikipeleka kidole, ananiambia kwa adabu kabisa kwamba hapana, Mjomba, Koimbatore kwanza. Akakagua alama. Akakagua tarehe ya kuzaliwa. Akakagua hata namba ya posta.

Hakukagua jina lake. Nani hukagua jina lake mwenyewe?

Hapo mpango ukaja wenyewe, vidoleni. Sisi hatuna majina ya ukoo. Mtu ana herufi moja mbele ya jina, nayo ni ya baba yake. Yeye ni M. Kuyili, M ya marehemu shemeji Masilamani. Ndivyo cheti chake cha shule kinavyosema. Mimi nikaandika K. Kuyili. K ya Kathiresan. Yangu! Siku ya udahili karani ataona cheti kinasema M, fomu inasema K. Ataikataa. Kwisha habari, mtoto anarudi nyumbani.

Nikabonyeza kitufe. Saa njema, Rahu keshapita.

Ni mpango tu, hakuna jingine. Ila niliitazama ile K kidogo kabla ya kutuma. Ilikaa vizuri.

Jumatatu, 13 Mei

Mpango wa akiba, endapo karani atakuwa kipofu. Mnajimu Vaidyalingam. Miaka nenda miaka rudi namtolea fotokopi za nyota za watu bila kumdai chochote. Leo asubuhi nilimfuata, nikamwambia nitakuja na dada na mtoto, naye aseme magharibi kuna balaa kwa binti huyu. Magharibi, nikarudia. Koimbatore iko magharibi. Akasema ameelewa, hana shida.

Tumefika saa tano. Akafungua vitabu, akafunga macho, akahesabu vidole. Akamuuliza Kuyili moyo wake unaelekea wapi. Mtoto akasema Koimbatore. Yule mzee akashtuka, akapiga paja. Akasema magharibi! Neno hilo limemjia tangu asubuhi, hajui limetoka wapi! Basi ni ishara. Magharibi ndiko kwenye bahati yake, na asicheleweshwe.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akamgeukia dada na kumwambia kwamba kaka yake ana wasiwasi mwingi, nyota zinaonyesha.

Dada amefurahi, kampa nazi na ndizi. Kuanzia kesho fotokopi zake atalipia, atake asitake.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeugua. Kifua. Nimeanza asubuhi, nikiwa makini: kukohoa kidogo, mkono juu ya moyo, sauti ya chini. Nikamwambia dada asihangaike na daktari, ila tu mtu wa hali yangu hapaswi kubaki bila kijana wa kumwangalia. Nikajilaza kitandani uso ukutani.

Kuyili akaja. Akanishika mkono, akahesabu mapigo akiangalia saa. Akatoka, akarudi na chungu kidogo, ndani yake kuna mmea wa kifauongo aliokuwa ameung'oa kandokando ya reli. Akauweka karibu na mto wangu. Akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukajikunja wote, majani yakalala, ukawa kama maiti.

"Mjomba, na huu umeugua," akasema. "Tuone nani atapona kwanza."

Akatoka. Mimi na mmea tukabaki tunatazamana. Baada ya robo saa ukaanza kufunguka, jani moja moja, kama hakuna kilichotokea. Mimi nikashikilia. Nilidumu mpaka saa saba. Halafu dada akakaanga kuku wa pilipili manga, tena akaacha mlango wazi kwa makusudi, sina shaka. Nikaenda jikoni kusaidia. Nilikula sahani mbili.

Tangu mchana wananiita Mjomba Kifauongo. Hata mwenye duka la maziwa ameshapata habari.

Jumanne, 4 Juni

Orodha imebandikwa. Hisabati hapa Karaikudi: kapewa moja kwa moja, mwisho wa kuthibitisha Ijumaa ya wiki ijayo. Mimea ya Koimbatore: yuko kwenye orodha ya akiba, wa tano. Wa tano! Tumeitwa huko Jumatano tarehe kumi na mbili, kama kuna nafasi itakayobaki.

Nilivaa uso wa huzuni, nikarudi nyumbani kuwaambia. Kuyili akatikisa kichwa, akaenda uani kumwagilia vyungu vyake. Alikaa huko muda mrefu. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa ameshika kopo tupu, maji yamekwisha, lakini bado analiinamisha.

Sikuipenda sura ile. Nilitaka mpango ufanikiwe bila sura ile.

Dada alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua macho.

"Kathir," akasema. "Mimi niliachishwa shule darasa la nane kwa sababu Baba aliona mji wa pili ni mbali. Najua unachofanya. Usimfanyie huyu."

Nikamuuliza ninafanya nini mimi jamani. Akaendelea kushona. Nimeona haya mpaka karibu na saa moja jioni. Kisha nikakumbuka kwamba yeye atabaki na cherehani yake, na mimi nitabaki na nani? Chellappa?

Jumatano, 12 Juni. Koimbatore

Naandika kwenye benchi la stendi ya basi. Niyaeleze kwa mpango.

Tulifika jana, tukalala kwa binamu wa shemeji. Walio kwenye orodha ya akiba tuliambiwa tuwepo kuanzia saa tano. Lakini leo ni Jumatano, na Jumatano Rahu anaanza saa sita kamili mchana hadi saa saba na nusu. Hesabu rahisi! Mtoto wa tano kwenye orodha, herufi iliyokosewa, na juu ya hayo aingie ofisini saa za nuksi. Hata miungu isingeweza kumpa nafasi.

Basi nikawa na njaa. Tulikaa mgahawani, nikaagiza idli mbili, vile vikate vya mchele vya mvuke. Kisha mbili. Kisha mbili. Nilipofika ya kumi na moja mhudumu akaja kuniangalia usoni. Nikaagiza kahawa, ikaja ya moto, nikangoja ipoe, ikapoa, nikasema imepoa, nikaagiza nyingine. Kuyili alikuwa ameshika bahasha ya vyeti kwa mikono miwili. Hakunihimiza hata mara moja. Alitazama saa ya ukutani tu.

Tukaingia getini saa sita na dakika tano. Na hapo, familia nne zinatoka! Baba, mama, mtoto, bahasha. Baba, mama, mtoto, bahasha. Wakatuangalia kwa huruma. Mzee mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama hatuna kalenda nyumbani. Imebaki nafasi moja tu ya mimea, akasema, nayo imetangazwa saa sita hii hii, na wao ni wa kwanza hadi wa nne, lakini nani ataweka sahihi ya maisha ya mtoto saa za Rahu? Wanakwenda kunywa chai mpaka saa saba na nusu. Karani naye bila shaka atakwenda kula.

Karani hakwenda kula. Karani ni Bi. Jesintha, msalaba shingoni, na Rahu hamjui hata kwa jina. Anataka kufunga daftari kabla ya chakula. Akaita wa kwanza, mara tatu. Kimya. Akakata mstari. Wa pili, mara tatu. Wa tatu. Wa nne. Mara kumi na mbili aliita, na mimi moyo wangu unashuka ngazi moja kila jina. Nilitamani kutoka mbio kwenda kwenye chai kuwaita. Naandika ukweli: nilifika hadi mlangoni.

"Kuyili," akaita.

Ofisi tupu. Mimi niliyemchelewesha kwa idli kumi na moja ndiye niliyemleta wa kwanza. Nimejichimbia shimo kwa mkono wangu!

Lakini K bado ipo. Nikasimama wima. Bi. Jesintha akaweka cheti huku, fomu huku. Kidole kikaenda, kikarudi, kikasimama. Akasema cheti ni M, fomu ni K, na fomu isiyolingana na cheti haipokelewi. Akamuuliza mtoto aliyejaza fomu hii ni nani na yuko wapi, kwa sababu lazima aandike maelezo ya kosa na kuweka sahihi, sasa hivi, la sivyo anaita wa sita.

Kuyili akainama akaiangalia ile K. Akaiangalia muda. Hakuniangalia mimi.

Jibu nilikuwa nalo tayari tangu Mei. Aliyejaza yuko Karaikudi, bibi, mtu wa dukani, hatumjui vizuri. Maneno tisa na habari imekwisha, Jumatatu tunapanda baiskeli. Nilifungua mdomo kuyasema. Nikaona kidole chake kimegusa ile herufi, taratibu, kama anavyougusa mmea wake.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ni mjomba wake. Niliandika herufi yangu."

Bi. Jesintha akauliza kama ni kwa bahati mbaya.

"Kwa makusudi kidogo," nikasema.

Akavua miwani. Nikamwambia kwamba nilimlea tangu ana miaka mitatu, na kwamba Karaikudi kuna chuo kizuri cha hisabati, na kwamba matairi ni mapya. Sijui kwa nini nilitaja matairi. Akanisukumia karatasi na kalamu. Miaka ishirini na sita napiga chapa maelezo ya makosa ya watu wengine, yananitoka nikiwa nimefumba macho. Leo nimeandika kwa mkono, mistari minne, na nimekosea tarehe mara mbili. Sahihi yangu imekwenda kombo kama ya mlevi.

Bi. Jesintha akaigonga muhuri. Akaeleza kwamba nafasi ni ya mtoto, ila marekebisho ya herufi yanapitia makao makuu, yanachukua mwezi, hata miwili. Mpaka hapo kwenye daftari la darasa ataitwa K. Kuyili. Kama ana haraka anaweza kuandika barua ya kuomba waharakishe.

"Hakuna haraka," Kuyili akasema.

Basi. Ndivyo alivyosema. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba nikinawa uso, nikanawa tena. Watu wa chai walikuwa wanarudi, saa saba na nusu kamili, na mzee yule akaniuliza kulikoni. Nilimpa pole yake, nikampa na ndizi iliyobaki kwenye mfuko wetu wa safari.

Jumatatu, 1 Julai

Nimempeleka bwenini. Godoro, ndoo, madaftari manne, achari ya ndimu ya dada. Nilimkagulia kitasa cha dirisha. Nilikagua vitasa vya vyumba viwili vya jirani pia, mpaka mlezi wa bweni akaniomba nishuke. Nikamwambia Kuyili ale vizuri, asitoke na nywele mbichi, awe anapiga simu Jumapili. Akainama kunigusa miguu kuomba baraka. Nilikuwa na hotuba. Nilisema, "Haya, mama," na hotuba ikaishia hapo.

Nimerudi. Juu ya mashine yangu ya fotokopi nimekuta ule mmea, na karatasi yenye mwandiko wake: maji asubuhi, jua la saa mbili, USIUGUSE.

Jumapili, 7 Julai

Wiki moja. Baiskeli nimeipangusa. Matairi bado mapya.

Mmea uko taabani. Majani yamelala, shina limenyong'onyea. Nimempigia Kuyili kumwarifu kwa uchungu kwamba hali si nzuri, na mtu wa fani yake angekuja walau Jumamosi ijayo kuuangalia. Akauliza nimeugusa mara ngapi leo. Nikasema mara moja. Akauliza tena. Nikasema tisa.

"Uache upumue, Mjomba," akasema. Alikuwa anacheka. Halafu akaniambia kila asubuhi mwalimu anaita K. Kuyili, na yeye anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na kwamba darasani anaona usingizi kwa sababu hajazoea kwenda kwa miguu. Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Mchana Chellappa amevuka barabara, mara ya kwanza tangu anunue mashine ya rangi. Bharani wake kaenda Chennai kusomea fizikia. Akasimama mlangoni akijifanya anatafuta gundi. Akauona mmea, akaomba naye auguse. Nikamruhusu mara moja. Ukalala. Tukaungoja pamoja mpaka ukaamka, kisha akarudi kwake. Gundi hakununua.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya yote haya. Kosa langu nimeliona. Nilichelewa kuanza! Shahada ni miaka mitatu tu. Baada yake kuna shahada ya uzamili, na chuo kikuu cha hapa Karaikudi kina sayansi ya mimea, dakika kumi na tano kwa baiskeli. Nimeshatengeneza mfano wa fomu. Chuo: Karaikudi. Cha pili: Karaikudi. Jina nimeandika M. Kuyili, kama inavyotakiwa kisheria. Nikaitazama. Nikaifuta. Nimeandika K.

Nilitaka kuiweka kwenye faili lakini imeshafika saa kumi na nusu, na Jumapili hizo ndizo za Rahu. Jambo kubwa kama hili halianzwi saa za nuksi. Nitangoja hadi saa kumi na mbili.

Mmea umefunguka wote. Mzima kabisa, hauna hata dalili ya ugonjwa.

Nimeugusa.